Kabla Hujamlenga Kanga wa Magoma

Idrisa mwanangu,

Usicheke. Mbele za watu nakuita mdogo wangu, na ndivyo ulivyo. Lakini mama alipofariki wewe ulikuwa bado unatambaa, na mgongo uliokubeba ulikuwa huu wangu, nikiwa mtoto wa darasa la kwanza. Bibi ndiye aliyekuwa akikaza fundo la kitenge kifuani kwangu, maana vidole vyangu havikuwa na nguvu, kisha ananiambia, "Haya, mama mtoto, nenda naye uani, asije akatambaa mpaka kwenye moto." Basi humu ndani ya karatasi, ambamo hakuna anayetutazama, acha nikuite mwanangu. Ukirudi likizo nitakuita mdogo wangu kama kawaida, wala sitaki unikumbushe.

Naandika kwa sababu kusema siwezi. Wewe mwenyewe unanijua. Nikianza jambo zito huku natazamwa usoni, maneno yananikauka, naishia kuuliza kama umekula. Leo tangu asubuhi nimekuuliza kama umekula mpaka ukaniuliza kama naumwa.

Habari za chandarua, za kuchemsha maji, za kumwamkia kila mtu mzima wa kule Magoma unakokwenda kusoma hata kama humjui, sitaziandika. Bibi amezisema, mimi nimezirudia, na mwishoni ukaziba masikio ukaimba. Sweta nimekufungia ingawa mjomba anasema huko chini hakuna anayevaa sweta. Hayo yamekwisha. Nataka kukuandikia juu ya Jumamosi.

Jana mjomba Hoza alipofika na pikipiki yake kukuchukua, alikukuta nyuma ya jiko ukilenga makopo. Alisimama kwanza, kofia mkononi. Mimi nilikuwa mlangoni nachambua mboga, nikamwona anavyotazama. Ukaangusha kopo la kwanza, ukaangusha la pili, la tatu ukaliruka ukapiga lile dogo la nyuma yake. Mjomba akapiga mluzi.

"Mpwa wangu! Mkono kama huu unaozea kwenye makopo?"

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, marahaba. Sikiliza. Jumamosi nashuka mabuani na akina Saidi, kanga wako tele mahindi yakishavunwa. Wenzangu wote wana bunduki, wakipiga mlio mmoja ndege wote wanahama. Wewe uje na manati yako. Nataka waone."

"Mimi, mjomba?"

"Hapana, bibi yako."

Bibi akajibu kutoka ndani, "Nipe mimi hiyo manati, nianze na wewe na kelele zako."

Tukacheka wote. Halafu, katikati ya kicheko, ukageuka ukanitazama. Nami nikainama kwenye mboga. Mjomba akaona, akasema, "Usimtazame Mama Kopo. Huyo alishatunyima kitoweo." Tukacheka tena, na mimi nikacheka, nawe ukasema, "Sawa mjomba, nitakuja."

Nimekuwa nikiufikiria ule mtazamo wako tangu jana. Ulikuwa unaniuliza kitu, na mimi nikaendelea kuchambua mchicha. Barua hii ndiyo jibu langu, limechelewa kidogo.

Unajua kwa nini mjomba ananiita Mama Kopo. Angalau unajua ile hadithi inavyosimuliwa sikukuu, jinsi Zaina alivyoua kanga halafu akabaki amesimama kama mlingoti. Umeisikia tangu uko mdogo na umecheka. Hujawahi kuisikia kutoka kwangu.

Mchezo wa makopo wewe uliukuta, lakini kwangu ulianza na kima. Lile shamba letu la juu, linalopakana na msitu, mahindi yakianza kukomaa lazima pawe na mtu wa kuamia, kuwafukuza wasiyale, na kwa miaka mingi mtu huyo nilikuwa mimi. Baba alinichongea panda ya mpera, akanifungia mpira wa tairi la ndani, akasema, "Usimpige kima. Piga debe lililo karibu naye, mlio utamtoa." Nikajifunza kulenga debe. Kisha nikajifunza kulenga kishikio cha debe. Siku moja baba akaja kuniletea chakula akaniona, jioni akachora mstari kwa mpini wa jembe nyuma ya jiko, akapanga makopo matatu juu ya ukingo wa tuta.

Huo mstari ndio ninaotaka ukumbuke. Baba alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa mstari. Watoto wa majirani walipoanza kuja kucheza, sheria ilikuwa moja. Unasimama nyuma ya mstari, unatupa mawe yako yote, na hata ukiangusha makopo yote hakuna kuvuka mpaka kila mtu amalize. Alihofia jiwe la mtu mwingine likupate kichwani. Aliyevuka mapema alitolewa mchezoni, akaenda kukaa na bibi kumenya viazi. Nilitolewa mara moja tu. Tangu hapo miguu yangu ilijua yenyewe. Nikishaachia jiwe, mkono unabaki juu, miguu inaganda, nangoja baba aseme, "Haya, tukahesabu."

Na nilikuwa na furaha pale, mwanangu. Sijui kama nimewahi kukuambia. Mimi ambaye nikiitwa mbele ya darasa nilikuwa natokwa jasho mpaka viganja, kwenye makopo niliweza kusimama mbele ya watu wa kijiji kizima siku ya Idi mchana, kwa sababu pale hakuna anayekutazama uso. Wote wanatazama kopo. Unavuta pumzi, unaachia, na mpaka kopo lilie dunia yote iko kimya. Ukikosa, kopo linakusubiri. Halina haraka, halina uchungu na wewe. Unaokota jiwe lingine. Jua likizama unayapanga tena makopo yaleyale yaliyobonyea, na kesho yapo. Hakuna mchezo niliowahi kuupenda kama huo, na sioni aibu kuupenda mpaka leo.

Nilikuwa kidato cha pili baba aliponichukua likizo tukashuka Magoma kwa mjomba. Wewe uliachwa na bibi, ulilia mpaka gari likapinda kona. Mjomba siku zile alikuwa na ujana bado, na Jumamosi zake zilikuwa hizihizi. Watu wa pale wana ng'ombe, wana kuku, sokoni kuna samaki. Hawaendi mabuani kwa njaa. Wanakwenda kwa sababu wiki ni ndefu na kutembea alfajiri na marafiki ni kuzuri. Wanakwenda kwa kibali, hawaingii hifadhi, na sikuona kwao ukatili wowote. Nakuambia hivi ili usidhani nataka umwone mjomba mtu mbaya. Simwoni hivyo.

Mjomba alikuwa ameshawatangazia. Tulipofika kwenye mabua, rafiki yake Saidi akaniangalia, msichana mwenye ushungi uliobanwa na pini, na manati mkononi.

"Hoza, ndiye huyu? Nilidhani unaleta kijana."

"Huyu hakosi."

"Hakosi nini, kuosha vyombo?"

Wakacheka. Baba hakucheka. Aliniuliza kwa Kishambaa, polepole ili wengine wasisikie, kama nataka. Nilitaka kusema sijui. Nilitaka kusema tungoje kidogo. Lakini macho yote yalikuwa usoni kwangu, na njia pekee niliyoijua ya kuyaondoa usoni ilikuwa kuwapa kitu kingine cha kutazama. Nikatikisa kichwa kukubali.

Kanga walikuwa upande wa pili wa mfereji, wanachakura kwenye mabua yaliyolala. Hujawaona kwa karibu. Wana madoa meupe kama mtu aliyewanyunyizia unga wa sima kwa uangalifu, na vichwa vidogo vya buluu, na wanazungumza muda wote, wanakwaruza sauti kama mlango usiopakwa mafuta. Mmoja alijitenga, akasimama juu ya kichuguu akainua shingo. Mimi sikumwona kanga. Naapa, mwanangu, nikawa naona kopo. Nilivuta pumzi vilevile, kiwiko vilevile, nikaachia. Jiwe likampata kichwani.

Wanaume walipiga kelele ya furaha. Hata Saidi alisema, "Lo!" Na nilifurahi. Sitakudanganya katika hili, kwa sababu nikikudanganya siku utakapohisi furaha ileile utadhani una kasoro. Kiganja changu kilikuwa na joto lilelile la siku ya Idi. Mkono haukujua tofauti yoyote.

Kisha nikasikia baba akipiga kelele, "Zaina! Kimbia! Kisu!"

Wewe umesoma madrasa kama mimi, unajua. Ndege aliyepigwa kwa jiwe lazima umfikie angali hai, umchinje kwa jina la Mungu. Akifa kwa jiwe ni kibudu, na hakuna Mwislamu atakayemweka chunguni. Kwa mtu wa manati kazi yote iko pale baada ya jiwe. Kisu kidogo nilikuwa nimepewa mimi, kipo kiunoni ndani ya ala, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mbele kuliko wote. Baba alikuwa amenieleza njiani, nami niliitikia ndiyo, ndiyo.

Sikukimbia. Mkono ulikuwa juu, miguu imeganda. Nilikuwa nangoja tukahesabu.

Kanga alikuwa anapiga mabawa. Anajizungusha pale juu ya kichuguu kama kitu kilichofungwa kamba, vumbi linaruka. Wenzake walishaondoka. Kelele zote za mabuani zilikatika, ikabaki ile ya mabawa tu, na mimi namtazama kutoka upande huu wa mfereji kana kwamba kati yetu kuna mstari aliouchora baba. Baba alinipita mbio, akachomoa kisu kiunoni kwangu bila kusimama, akaruka mfereji. Alipopiga magoti mabawa yalikuwa yameshatulia. Alimshika shingo, akangoja, akamgusa kifuani. Kisha akakitia kisu mfukoni bila kukitumia.

Hapo ndipo mjomba alipopata jina langu. "Mama Kopo! Ulikuwa unangoja kanga aje mwenyewe?" Wakacheka, si kwa ubaya, ndivyo wanaume wanavyocheka porini ili jambo lipite. Nami nilicheka. Baba alichimba shimo kwa kijiti chini ya mkwaju, akamfukia pale, manyoya yakiwa bado mazuri. Nilitamani mtu anigombeze. Hakuna aliyenigombeza.

Hadithi ya mjomba inaishia hapo. Lakini siku haikuishia hapo.

Adhuhuri ilipokaribia Saidi alipiga risasi kundi likiruka, mmoja akayumba akaangukia ndani ya mkonge. Walitazama, jua lilikuwa kali, mkonge ule ulikuwa umeachwa bila kupaliliwa, umefungamana miiba kwa miiba. Saidi akasema, "Mwache huyo, wapo wengine." Wakaanza kutembea. Baba hakutembea. Hakuwa amepiga yeye. Alivua kanzu aliyoivaa juu ya suruali, akanipa nimshikie, akaingia. Tulikaa kivulini tukala miwa. Tulimsikia akipita huku na huku. Mjomba akaita, "Shemeji, toka, utang'atwa na nyoka!" Baba akaitikia kwa mbali, "Nakuja," na hakuja. Alipotoka miguu ilikuwa imechanika kuanzia magotini, na kanga mkononi, amechinjwa. Akampa Saidi. Akasema, "Huyu alikuwa wako," basi, akaniomba kanzu yake.

Njiani kurudi hakunifundisha kitu. Nilimwuliza mimi, baada ya kutembea mwendo mrefu nikiipanga sauti yangu. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia kuwa ni tofauti. Akasema, "Nilikuambia. Nilikuambia kwa maneno tu." Kisha akasema ni kosa lake zaidi kuliko langu, kwa sababu alinifundisha kusimama kwa miaka, na kukimbia kwa dakika chache za njiani. Sikujua baba anaweza kusema kosa ni lake. Hakuwa ameniambia jambo kama lile kabla, na alifariki kabla sijawa mkubwa wa kumwuliza mengine.

Kwa hiyo, Idrisa, hii ndiyo tofauti niliyoipata, na siidai kuwa ni elimu. Kwenye makopo, jiwe likishatoka mkononi kazi yako imekwisha. Umepata au umekosa, na kilichobaki ni hesabu na utani. Kwenye uwindaji, jiwe likishatoka mkononi ndipo kazi yako inapoanza, na huwezi tena kusema basi. Ukiligusa kopo ukingoni, watu wanasema umekaribia. Ukimgusa kanga ukingoni, anakwenda na jiwe lako ndani ya mwili wake mpaka ndani ya mkonge, na hapo anakuwa wako kuliko yule uliyempata sawasawa. Inabidi umfuate. Jua likiwa kali, wenzako wakikaa kivulini, wakikucheka, inabidi umfuate. Yote mawili ni starehe, yote mawili watu huyaita mchezo, na nimewaona watu wema katika yote mawili. Lakini moja unaweza kulianza ukiwa hujui unataka nini. Lingine usilianze hivyo.

Nakuona unakunja uso. Unasema moyoni, dada ananikataza. Sikukatazi. Naogopa kitu kingine, na hiki ndicho kigumu kukiandika.

Ulipokuwa na miaka tisa ulikuwa ukinisaidia kuamia. Baba alikuwa ameshaanza kuumwa. Siku ile mimi nilikuwa chini kwenye kabichi nikakuona juu umesimama, manati imevutwa mpaka sikioni, na kima yuko mbele yako hatua chache tu, na mahindi mawili mkononi, mtoto amemng'ang'ania tumboni. Wewe hukulenga debe, ulikuwa umeshachoka na madebe. Ulimlenga yeye. Nilijua utampata. Ukakaa vile muda mrefu, kisha ukaishusha. Ukamwambia kitu, sijui nini, nikaona midomo inacheza. Kima akaondoka taratibu na mahindi yetu.

Nilipanda mbio nikakugombeza. Nilisema, "Tutakula nini, utu wako?" Nilisema maneno hayo, kwa sababu nilikuwa na hofu ya msimu ule, na baba kitandani, na nilikuwa msichana mdogo anayejaribu kusema kama mtu mzima. Kesho yake uliangusha makopo yote bila kukosa hata moja, ukageuka haraka kunitazama, na mimi nikapiga makofi. Nikapiga makofi kwa nguvu ili tusahau ya jana.

Umekuwa ukigeuka tangu siku hiyo. Hujioni, lakini mimi nakuona. Jiwe likitoka tu, kabla halijafika, shingo yako inageuka kutafuta nani ameona. Kwenye makopo haidhuru. Lakini huko mabuani utakapogeuka kumtazama mjomba na Saidi wakikushangilia, kutakuwa na kitu nyuma yako kinapiga mabawa. Na hilo nililifundisha mimi. Nilikupigia makofi kwa kila ulichokiangusha, na siku moja tu uliyoshusha mkono nikakugombeza. Ningepewa siku ile tena ningepanda polepole, nikae karibu nawe, nikuulize ulimwambia nini yule kima. Natamani kujua mpaka leo.

Niliishia hapo nikaenda nje.

Narudi sasa, wino ni mwingine kwa sababu kalamu ile nimeiacha sijui wapi. Nimekwenda kwa mjomba uani. Alikuwa akitia maji kwenye birika ajiandae kwa magharibi. Nilisimama mpaka akashtuka.

"Mama Kopo. Kuna nini, mbona umesimama kama mwizi?"

Nikasema, "Mjomba, nina neno." Sauti ilitoka ndogo, akainamisha kichwa ili asikie. "Jumamosi usimchukue Idrisa kabla hujamwuliza."

"Nimeshamwuliza, na amekubali mbele yako."

"Hukumwuliza, mjomba. Ulimwambia. Na watu walikuwa wanacheka."

Nilidhani atanitania. Aliweka birika chini. Akaniangalia, na mimi mara hii sikuinama, ingawa masikio yalikuwa yanawaka.

"Mimi hakuna aliyeniuliza," akasema. "Baba yangu alinitia upinde mkononi, akasema nenda na kaka zako. Basi nitamwuliza. Akikataa?"

"Akikataa umwache na makopo yake, na usimpe jina."

Hapo akacheka kidogo, akajipangusa uso. "Hilo la jina limekuuma, eh?"

"Limeniuma, mjomba."

"Haya. Na akikubali?"

Hilo sikuwa nimelipanga. Nilisema tu kilichokuja. "Akikubali, siku ya kwanza aende bila manati. Awe wa kukimbilia. Nyie mkiangusha, yeye afike wa kwanza, achinje. Akirudi nyumbani akiwa bado anataka, hapo mfundishe."

Mjomba aliinua birika lake. Akasema, "Ungekuja kuwinda tena wewe," akaenda zake kutawadha. Sijui kama ilikuwa sifa au utani. Nimerudi kuandika, na Bibi ameniuliza kama nimekula.

Basi mjomba atakuuliza. Ameahidi, na ahadi zake unazijua, huchelewa lakini hufika. Atakuuliza Jumamosi asubuhi, yamkini Saidi na wengine wakiwa wamesimama pale na viatu vya matope, na mimi nitakuwa huku juu nanyweshea kabichi. Hutakuwa na mtu wa kumgeukia umtazame. Nimewaza sana kama hilo ni baya, na naona si baya. Ukiamua kwenda, nenda kama baba alivyoingia kwenye mkonge. Ukiamua kubaki, baki bila kutafuta udhuru wa tumbo au wa kazi za shule. Kwa lolote kati ya hayo upendo wangu kwako hautapungua. Usinitumie ujumbe wa umeangusha wangapi. Nitumie ujumbe wa kitu kingine chochote, hata kama ni kulalamika juu ya joto na sweta langu.

Nasikia mjomba amemaliza kuswali, anakuita ukamshikie mizigo aifunge kwenye pikipiki ili alfajiri msichelewe. Amesema, "Idrisa, njoo un—" nawe umeshaitikia, "Naam mjomba, sawa mjomba!" kabla hajafika mwisho wa neno. Nimekusikia ukikimbia na kandambili zako. Ndivyo ulivyo, mtoto mwenye adabu, na kila mtu Magoma atakusifu kwa hilo.

Lakini Jumamosi, mwanangu, mwache amalize swali.

Ni mimi niliyekubeba,
Zaina